Wasalimie Wote wa Chai

14 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Mgongo je, bado unakuuma ukiinama kwenye cherehani za watu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vidole ambavyo vimechubuka kwa dawa ya kufulia.

Kazi nimepata, ile niliyokuambia, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Tuko wanawake sita chini ya ardhi, hakuna dirisha, na mashine nne kubwa ambazo kila moja inameza mashuka sitini kwa mara moja. Mimi nimewekwa kwenye kunyoosha. Shuka linaingia upande huu limekunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu, linatokea upande wa pili limenyooka, nami nalikunja mara nne. Wenzangu jina langu limewashinda kutamka, basi wananiita Nne. Unaona? Mtoto aliyempa kila mtu mtaani jina la utani, leo na yeye amepata lake.

Baba, tangu simu zikatwe huko sipati usingizi. Redioni walisema makanisa yote madogo yasiyo na kibali yamefungwa. Letu je? Watu wanasali wapi? Niandikie upesi, hata mistari miwili. Waraka ni nusu ya kuonana, na mimi hiyo nusu nyingine sitaipata karibuni.

Sasa salamu, na usizitie mfukoni ukazisahau kama kawaida yako. Nisalimie Bwana Mkato, mwambie huku nasoma Zaburi kwa mwendo wake, maneno mawili kisha pumzi, na kweli zinaniingia zaidi. Nisalimie Kaka Mwiko wa jiko la shule pamoja na mkewe, mwambie wembamba si dhambi lakini na yeye ale anachopika. Nisalimie Bibi Bobini hapo mlango wa pili, mwambie sauti yake ya kwanza ya kwaya naisikia hata mashine zikiunguruma. Majina haya tulikuwa tukiyajua watatu tu, wewe, mimi na marehemu mama, kwa hiyo ukifika kwao waite kwa heshima zao. Wasalimie na wengine wote.

Mwanao.


9 Februari

Mwanangu, Mama Salamu,

Marahaba, tena mara saba. Mimi ni mzima kama cherehani kuukuu, kelele nyingi lakini nashona. Mgongo unauma kwa zamu, leo kushoto, kesho kulia, ili pasiwe na upande unaolalamika kuonewa.

Barua yako imefika juzi. Bahasha ilikuwa imejaa gundi mpaka nikaifungua kwa kisu cha mkate. Huko gundi inatoka bombani? Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza habari, mara ya pili salamu, maana wewe salamu zako zina watu wengi kuliko harusi.

Kanisa letu, ndiyo, limefungwa. Walikuja watu watatu wenye karatasi, wakaomba ufunguo kwa adabu, tukawapa, wakatushukuru. Sasa humo ndani wameweka madawati mabovu. Msalaba wa juu ya paa uliachwa wiki moja, kisha akatumwa fundi bati kuushusha. Fundi bati mwenyewe alipita kwangu jioni kuniomba radhi, akashindwa kuanza, tukaishia kuzungumza habari za mvua.

Tangu hapo, Jumapili tunakunywa chai. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, watu watano au sita kwa kila kundi, na mlango tunaufunga kwa sababu ya vumbi. Tunakunywa kwa sauti ya chini. Anayeteseka ni Bobini, maana yule mama hakuumbwa kunywa chai kwa sauti ya chini.

Salamu nimezifikisha. Mwiko alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe ana mimba ya miezi saba, kwa hiyo jiandae kutafuta jina jingine. Bobini alilia, akapenga kamasi kwenye kipande cha sare ya mtoto wa watu, kisha akakishona hivyo hivyo.

Bwana Mkato sikumpata. Amesafiri. Siku tano kabla ya barua yako kunifikia, gari jeupe lilimfuata pale anapowafundisha watoto kusoma jioni. Hakubeba begi wala miwani. Miwani iko kwangu, nimeifuta na kuifunga kwenye kitambaa, maana bila miwani mwalimu yule hawezi kujua mlango uko wapi. Sisi tunasema amesafiri, na wewe sema hivyo hivyo.

Usiwe na hofu sana. Kula, na vaa glovu.

Baba yako.


5 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekubaliana na wewe. Mimi sijambo mwilini. Moyoni ni habari nyingine.

Habari ya Bwana Mkato nimeisoma nikiwa zamu, nikaunguza shuka. Nawaza mtu anayesoma maneno mawili akapumzika, watu wale watamvumilia vipi akianza kujibu maswali? Msimamizi aliniuliza nalia nini, nikamwambia ni mvuke. Kila siku saa ya mapumziko naingia kwenye kabati la mashuka safi, nafunga mlango, namwombea huyo msafiri wetu, na ninyi mliobaki.

Nimefurahi mnakunywa chai. Msiache chai, baba. Wasalimie wote wa chai, mmoja mmoja. Hasa Kaka Mwiko, mwambie akipata wa kike nimeshamwandalia jina, Kijiko, na hana ruhusa ya kukataa. Na Bibi Bobini apunguze sauti, mwambie ni amri yangu. Akishindwa kabisa aimbe huku anaendesha cherehani, ile kelele itamfunika.

Miwani ya Bwana Mkato itunze.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Mwiko amesafiri. Walimkuta jikoni, sufuria ikiwa motoni, na watoto wa shule siku ile walikula saa tisa. Mkewe alijifungua siku ya pili yake, mtoto wa kike, wote wazima. Bobini naye alisafiri wiki ile ile, ila yeye amesharudi, baada ya siku kumi na moja. Siku hizi watu wanasafiri sana mtaani kwetu, na hakuna anayebeba begi.

Kuhusu salamu. Acha. Usimsalimie mtu yeyote. Niandikie habari za mashuka, za hali ya hewa, za hao wenzako watano. Mimi nimechoka kuwa tarishi wako wa nyumba kwa nyumba, na miguu sina. Nimesema, na baba yako huwa hasemi mara mbili.

Baba yako.


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kwa sababu barua yako haikuwa nzima.

Niliisoma nimekaa juu ya kikapu cha mashuka machafu, nikaigeuza nyuma nione kama umeandika mzaha upande wa pili. Hakuna kitu. Baba, ni wewe? Watu wanachukuliwa, mke wa Mwiko yuko peke yake na kichanga, na wewe unaniambia nikuandikie hali ya hewa? Nilikulia mikononi mwa watu hao. Mama alipougua ndio waliotupikia. Leo kuwasalimu tu kumekuwa mzigo? Nisamehe, lakini nitauliza: jogoo amewika mara ngapi huko?

Nimesema mengi. Machozi yananidondokea kwenye karatasi, na mimi ni mtu ninayenyoosha vitu kwa kazi.

Basi kama wengine wamekushinda, nipelekee salamu moja tu. Nisalimie Dada Pamba. Hilo jina nalo unalijua, ni kwa vile anavyotembea, laini, huwezi kusikia nyayo zake. Ndiye aliyekaa miguuni pa mama mpaka pumzi ya mwisho, mimi nilipokuwa nimesinzia. Mwambie sijasahau. Mwambie kama bado anakunywa chai Jumapili, nami huku nakunywa saa ile ile, chumbani kwangu. Usipompelekea hii nitajua umebadilika kweli.

Mwanao.


30 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Hii hakuna aliyeifungua kabla yako. Aliyekuletea ni yule dereva wa lori anayewaletea mafundi nyuzi, ameisafirisha ndani ya gurudumu la uzi mweusi. Mpe maji ya kunywa, kisha kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Kwanza, jogoo hajawika. Nisamehe kwa barua ya Aprili. Niliiandika kwa ukali nikidhani utakasirika na kuacha. Nilisahau kwamba wewe ukikasirika ndipo unapoandika zaidi, na hilo umelirithi kwangu.

Barua zako zinasomwa. Ile gundi si yako. Wanafungua, wanasoma, wananakili, wanabandika tena, kisha ndipo zinanifikia. Nimejuaje? Bobini aliporudi alijifungia ndani siku nne. Siku ya tano alinibebea cherehani yake, akasema ina hitilafu. Nikaifungua, haina. Akaniuliza huku anatazama mlango, "Fundi, ni nani anayeniita Bobini?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Kule waliniita hivyo. Nilipoingia tu walisema, karibu Bibi Bobini, wewe ndiye sauti ya kwanza. Nina miaka hamsini na tatu, sijawahi kuitwa hivyo na mtu." Ikabidi nimweleze kwamba ni jina ulilompa wewe utotoni, la mapenzi. Akatikisa kichwa, akabeba mashine yake akaenda. Alitia sahihi karatasi yao, mwanangu, ile inayosema nimeiacha imani hii kwa hiari yangu. Ndiyo maana amerudi. Sasa haimbi na wala hanitazami usoni. Sisi sote tumemsamehe, ila yeye mwenyewe bado.

Jioni ile nilitoa barua zako nikazipanga mezani. Mkato, Mwiko, Bobini. Jinsi ulivyowapanga kwenye salamu ndivyo walivyosafiri. Na kwa kila mmoja ulikuwa umewaandikia alama: huyu anasoma kwa mapumziko, huyu yuko jikoni mwa shule, huyu ni mlango wa pili. Nilikaa pale na kioo changu cha kazi jichoni kana kwamba nitaona kosa dogo la kulirekebisha. Halikuwa dogo. Na si lako peke yako, maana mimi ndiye niliyekuandikia habari za chai. Ulimi uliponza kichwa, na kwetu sisi umeponza vichwa vya wenzetu.

Sasa sikia ya Dada Pamba, upumue kidogo. Barua yako ya Aprili iliwafikia wao kwanza, na jina lile likawashinda. Akaja kwangu mmoja wa wale waliochukua ufunguo wa kanisa. Nimempa jina, maana nami ni baba yako: Bwana Adabu. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Mgongo! Hakuna anayeniuliza habari za mgongo isipokuwa wewe. Kisha akasema, "Mzee, Dada Pamba ni nani?"

Ulimi ukatangulia akili. Nikasema, "Ni paka."

"Paka?"

"Paka mweupe. Alilala miguuni pa marehemu mke wangu mpaka siku ya mwisho. Binti yangu anampenda sana."

"Na anakunywa chai?"

"Ya maziwa," nikasema.

Akaandika. Akasema atapita Jumatatu amwone. Mwanangu, mimi sina paka! Siku mbili nilizunguka nyuma ya bucha na mfuko wa vichwa vya samaki, mzee mzima, naita paka wasionijibu. Niliyempata si mweupe, ni wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikamwosha kwa sabuni ya unga, akanikwaruza kutoka kiwiko hadi kidole. Jumatatu Bwana Adabu akaja, akamtazama paka, paka akamtazama. Nikamwekea sahani ya chai ya maziwa na, utukufu kwa Mungu, akanywa. Dada Pamba mwenyewe alikwisha kupata habari. Ameondoka, sijui yuko wapi na sitaki kujua.

Lakini aliyedanganywa mara moja haji mara ya pili na daftari tu. Wamebaki tisa wa chai. Mmoja wao ni mke wa Mwiko na kichanga chake.

Utajiuliza kwa nini mimi sijasafiri. Nami nilijiuliza, nikasema ni Mungu, na huenda ni yeye. Ila ukweli ni kwamba wananiacha kwa sababu ya barua zako. Mimi ni chambo, na chambo hakiliwi na mwenye ndoana. Siku salamu zikikoma sitakuwa na faida kwao tena. Hilo nimelipima, nimelikubali, na ninakuomba nawe ulikubali. Usimsalimie mtu tena huku, hata kwa fumbo. Wala usije. Ukija nitakukana mimi mwenyewe mlangoni, hapo ndipo utamsikia huyo jogoo wako.

Nakupenda. Hilo huwa siandiki, nalizungushia mizaha. Leo nimeliandika.

Baba yako.


6 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Dereva wako yuko kwenye korido anakunywa maji, amenipa nusu saa. Naandika mbio, unisamehe mwandiko.

Ni mimi. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kutokea, hakuna. Nilikuwa nikifikiri nawakumbatia, kumbe nawaita mmoja mmoja watoke nje. Bwana Mkato hana hata miwani. Nimewaombea kwenye kabati la mashuka miezi mitatu, na kila nikitoka humo nilishika kalamu nikamtaja mwingine. Na wewe nilikuuliza habari za jogoo. Maneno yale sitayasahau mpaka nakufa, hata kama wewe umeyasamehe.

Lakini unaniomba jambo gani, baba? Nikitaja, nawauza wale tisa. Nikinyamaza, nakuuza wewe. Unaniandikia hayo kwa utulivu kana kwamba unanielekeza namna ya kutia uzi kwenye sindano. Umelipima, umelikubali. Mimi sijalikubali! Sina mzazi mwingine.

Nimefikiri. Sitanyamaza, na sitamtaja mtu yeyote anayepumua. Utaipata nyingine kwa posta. Ukiipata, cheza nami kama ulivyocheza na paka. Labda tutapata mwezi, labda miwili, na hao tisa watumie huo muda kutafuta njia. Ukiweza, uondoke nao.

Dereva anagonga. Nakupenda. Nami nimeandika.

Mwanao.


10 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo! U mzima? Mimi ni mzima kabisa, kazi inakwenda vizuri, hali ya hewa ni nzuri.

Nisamehe kwa maneno makali ya Aprili, yalikuwa ya utoto. Na asante kwa kumtunza Dada Pamba, usimpe chai ya moto sana. Najua ulinikataza salamu, lakini wapo wazee wetu ambao nisipowasalimu sitalala. Nisalimie Babu Nyundo, mwambie mafundisho yake nayashika. Nisalimie Bwana Kikohozi, kiongozi wetu wa tangu zamani. Na zaidi ya wote nisalimie Mama Sindano, ambaye ndiye aliyenifundisha kusali. Najua bila hao watatu chai yenu isingekuwapo. Nimesikia siku hizi wanakaa pamoja kule juu, nyuma ya kiwanda cha matofali, na hawatoki kabisa. Ukienda kwao nenda na maua.

Mwanao.


9 Julai

Mwanangu, Mama Salamu,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni mzima, mgongo mzima, roho ndiyo inacheza.

Salamu zako nimezifikisha, na safari hii nilipata wa kunisindikiza. Bwana mmoja wa ofisini, mtu wa adabu sana, alifika asubuhi na magari mawili, akaniuliza kama namjua Babu Nyundo. Nikamwambia namjua sana, ni baba yangu. Na Bwana Kikohozi? Mjomba wangu. Na Mama Sindano? Nikamwambia huyo ndiye nimjuaye kuliko wote. Akaniomba nimpeleke wanakokaa. Nikachukua kofia na maua, nikapanda gari la mbele. Sijawahi kupanda gari lenye viti laini namna ile.

Tulipofika nyuma ya kiwanda cha matofali, askari walishuka kwanza wakazunguka ukuta wote, asitoroke mtu. Mimi nikafungua geti. Bwana yule akasimama akitazama misalaba. Nikamwonyesha: huyu hapa Babu Nyundo, ana miaka kumi na tisa hajatoka nje. Huyu Bwana Kikohozi, na kile kikohozi ndicho kilichomleta. Na huyu Mama Sindano, mke wangu, mama wa binti yangu. Nikavua kofia nikawasomea salamu zako kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Askari mmoja alicheka, akatazamwa, akaacha.

Sijafurahi hivi tangu mwaka uanze, mwanangu. Nilipofika kwa mama yako nilikaa kidogo. Nilimwambia kwamba umekuwa mtu mzima, na kwamba nilikudharau nilipodhani njia ni mbili tu. Yule bwana aliniacha nikamaliza, hilo siwezi kumnyima. Tulipofika mlangoni kwangu alisema, "Mzee, wewe una mzaha. Itabidi tuzungumze."

Sijui lini. Cherehani zote nimezirudisha kwa wenyewe, hata ambazo hazijapona. Mtaani kumekuwa kimya. Majirani kadhaa wamehama bila kuaga, nyumba tano zimefungwa, sijui kisa ni nini. Labda ni vumbi. Paka amekataa kuhama, amelala juu ya begi langu dogo ambalo nimelipanga, maana mimi nikisafiri nataka niwe wa kwanza kubeba begi.

Usilie kwa ajili yangu. Ukilia, lia kidogo, kisha kula.

Baba yako.


20 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii ni ya nne bila jibu. Natumaini ni posta, natumaini ni mvua, natumaini ni uvivu wako tu.

Ndege mmoja alipita huku wiki iliyopita. Anasema karakana yako imefungwa kwa kufuli jipya, na mlango wa pili pia. Hakujua zaidi. Kuhusu wengine aliniambia neno moja tu ambalo lilinifanya niimbe zamu nzima, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeongezewa cheo.

Niandikie. Hata mstari mmoja. Hata nukta.

Mwanao.


18 Oktoba

Kwa binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema ya afya. Mimi ni mzima na ninatunzwa vizuri. Nilikuwa safarini kwa shughuli zangu, ndiyo sababu sikuweza kukujibu kwa wakati. Usiwe na wasiwasi wowote.

Nimeona kwamba siku hizi huwasalimii watu wetu kama zamani. Jambo hili si zuri, kwa kuwa wanakuulizia. Wengi wao wamehama, na mimi kwa sababu ya uzee nimeanza kusahau. Kwa hiyo tafadhali niandikie majina kamili ya wote unaowasalimia huku, pamoja na mahali wanapoishi sasa, ili nisikosee kuwafikishia salamu zako.

Nasubiri jibu lako mapema iwezekanavyo.

Wako mpendwa, baba yako mzazi.


11 Novemba

Shikamoo.

Barua nimeipata. Mwandiko ni wa baba, siwezi kukataa, herufi zinalala kulia kama zake. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika. Kama ni mkono wake ulioshikwa ukaandikishwa, namshukuru Mungu kwamba mkono upo. Kama ni mtu mwingine aliyejifunza mwandiko, amejifunza vizuri, lakini amesahau kuitikia. Baba yangu hajawahi kuniandikia bila marahaba, na hawezi kumaliza ukurasa mzima bila mzaha hata akiwa na homa.

Umeniomba majina kamili ya wote ninaowasalimia huko, na mahali wanapoishi. Amebaki mmoja. Ni fundi cherehani, mfupi, mgongo unamuuma akiinama, na huanza kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Jina lake kamili mnalo. Anapoishi sasa mnapajua ninyi, mimi sipajui.

Nisalimie baba yangu.

Mwanawe.